Kuendesha kikundi cha kutunza kichwa cha treni cha zamani: maelezo ya mweka hazina aliyepandishwa cheo

Baba yangu alikuwa fundi wa dizeli shedi ya treni ya Changamwe, Mombasa. Maneno ya kwanza ya Kizungu niliyoyasoma mwenyewe hayakuwa ya kitabuni. Yalikuwa kwenye bamba la chuma ubavuni mwa kichwa cha treni: Newton-le-Willows. Baba alikuwa akitamka Nyutoni Lewilosi, nasi watoto tukaligeuza kuwa wimbo wa kuruka kamba. Miaka thelathini na ushei baadaye, nikiwa muuguzi Yorkshire, Uingereza, niliwapeleka wanangu kupanda treni ya kale Jumapili moja. Nilikuwa kwenye foleni ya aiskrimu niliposikia kutoka nyuma ya shedi ngurumo nzito yenye mluzi mwembamba juu yake. Niliitambua kabla sijageuka. Ilikuwa Changamwe, saa kumi na mbili alfajiri.

Wala haukuwa muujiza. Vile vichwa vya reli ya Afrika Mashariki vilivyoitwa klasi ya 90, ambavyo sisi tulivijua kama 87, viliundwa na English Electric kwenye kiwanda cha Vulcan hukohuko Newton-le-Willows kuanzia 1960, na ndani yake mna injini ya silinda 12 inayoitwa 12CSVT. Kwa upande wao, Waingereza waliunda vichwa 309 vya klasi ya 37 kati ya 1960 na 1965, vingi kwenye kiwanda kilekile na kwa injini ya ukoo uleule. Vya kwetu vilitoa nguvu za farasi 1,840, vya kwao 1,750. Waingereza huviita trekta, kwa sababu ya mlio.

Mwaka huohuo nilijiunga na kikundi cha watu wa kujitolea kinachotunza kichwa kimoja cha klasi ya 37. Kikao cha pili wakanifanya mweka hazina, maana nilikuwa mtu pekee chumbani aliyeuliza risiti ziko wapi. Sasa ni mwaka wa sita nikiwa mwenyekiti. Kwenye orodha tuko watu 40 hivi; siku ya baridi tuko 12. Naandika haya kwa kuwa jamaa zangu wa Voi na rafiki mmoja wa Tabora huniuliza kila mara: hivi watu wasiolipwa wanawezaje kutunza chuma cha tani zaidi ya 100 mpaka kikaendelea kutembea? Mambo ya spana nitayagusa tu, kwa sababu mafundi wapo wengi kuliko mnavyodhani. Mimi nimeona vichwa vikifa kwa watu kutokabidhiana: mali, funguo, kazi, habari. Wodini tulifundishwa kwamba saa ya hatari kwa mgonjwa ni ile ya kubadilishana zamu. Shedini mambo ni hayohayo.

Chuma hiki ni cha nani?

Kichwa chetu kilinunuliwa mwanzo na marafiki watano waliochanga pesa na kupeana mikono kwenye baa. Karatasi haikuwepo. Kilipotufikia sisi, wawili walikuwa wamefariki, mmoja alikuwa kwenye talaka, na wakili wa mke alitaka moja ya tano ya kichwa. Kina magurudumu 12, kwa hiyo moja ya tano ni magurudumu mawili na kipande. Mvutano ulichukua miaka minne, na kwa miaka yote hiyo kichwa kilisimama nje mvuani bila hata turubai, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwenye haki ya kusema kisogezwe.

Basi kabla hamjanunua hata tambara la kufutia oili, sajilini. Huku ziko njia kadhaa: kampuni ya dhamana, ambayo mwanachama huahidi kitu kidogo tu, mara nyingi pauni moja, endapo itafilisika; shirika la hisani lililosajiliwa na Charity Commission; au ushirika wa hisa unaouza hisa ndogondogo kwa watu wa kawaida. Hatari ni ule urafiki usio na usajili, kwa sababu siku kreni ya kukodi itakapokunja reli ya mwenyeji wenu, yaani mwenye njia anayewapangisha nafasi, deni la kikundi litakuja kugonga mlango wa nyumba yako.

Sisi tulichagua hisani kwa ajili ya Gift Aid: mlipa kodi akichangia pauni moja, serikali inaongeza peni 25. Kumbukeni tu kwamba hisa si mchango. Anayenunua hisa amenunua kitu, na zile peni 25 hazipo. Kuna kikundi jirani kiligundua hilo kikiwa kimeshatangaza bajeti.

Kwenye katiba mimi napigania vifungu viwili, vingine andikeni mnavyotaka. Cha kwanza: kikundi kikifa, kichwa kinakwenda kwa kikundi kingine chenye lengo hilohilo, hakiuzwi kwa mnunua chuma chakavu watu wakagawana. Cha pili: hakuna kifaa kinachoazimwa kikundi bila maandishi. Mtamkuta mzee anayesema, "Ile tabo ni yangu, niliwaazima tu," na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia injini hewa, imeshafungwa ndani ya injini mwaka wa nane.

Kwa walioko nyumbani mambo ni tofauti kidogo, kwani kichwa kilichoegeshwa stesheni ni mali ya shirika la reli, yaani mali ya umma, na si rahisi wala si lazima mkimiliki. Ombeni kukitunza. Mkataba wa utunzaji wa miaka mingi, wenye sahihi na muhuri, unaotaja namba ya kichwa, mahali kilipo na vitu vyote vilivyomo ndani yake siku mnapokabidhiwa, una nguvu kuliko ahadi ya bosi yeyote, kwa sababu bosi huhamishwa. Pigeni picha kila kitu siku hiyo, mpaka balbu. Na msisubiri kiegeshwe majanini. Waliookoa vichwa vya dizeli vinavyoitwa Deltic huku walianzisha Deltic Preservation Society mwaka 1977, vichwa hivyo vikiwa bado vinavuta treni za abiria za kasi. Vilikuwa 22 tu. Vya mwisho vilipostaafishwa mwanzoni mwa 1982, pesa zilikuwa tayari, wakanunua viwili mwaka huohuo. Wangeanza kuchanga siku hiyo, leo vingekuwa sufuria.

Mwenyeji na mkataba wake

Kichwa bila reli ni sanamu. Vikundi vingi vya huku ni wapangaji kwenye reli ya kale inayoendeshwa na watu wengine, na mwendo wenyewe huwa hauzidi maili 25 kwa saa, yaani kama kilomita 40. Mkataba na mwenyeji useme: kichwa kinalala wapi, chini ya paa au nje, mafuta analipa nani, tunalipwa kwa siku au kwa maili, kikiharibika katikati ya njia gharama ya kukivuta ni ya nani, nani anaruhusiwa kukiendesha.

Sisi tulikosea kwenye notisi. Tuliandika miezi mitatu, tukaona ni mingi. Meneja akabadilika, mpya akataka reli yetu iliyo chini ya paa kwa ajili ya mabehewa, akatupa miezi mitatu yetu kama ilivyoandikwa. Hakuvunja sheria yoyote. Nafasi ya kichwa cha treni haitafutwi kwa miezi mitatu, na lori la kukibeba si pikipiki ya bodaboda. Andikeni mwaka mzima.

Kuhusu usalama, sheria ya reli ya 2006 inamtaka mwendesha reli awe na mfumo wa usalama, na mkaguzi ni Office of Rail and Road. Maana yake kwenu wapangaji: mwenyeji ana mtu wake anayepitia karatasi za matengenezo yenu kabla kichwa hakijatoka. Msimwone adui. Mpelekeeni karatasi safi kabla hajaziomba, na mchukulieni chai.

Pesa

Pauni 10 kwa mwezi kutoka kwa watu 40, zinazokatwa zenyewe benki, ni pauni 4,800 kwa mwaka. Hizo nazipenda kuliko pauni 10,000 za tajiri mmoja. Tajiri huja na maoni. Tena watu 40 hawafi siku moja.

Tunagawa pesa kwenye vyungu vitatu, na hakuna anayechota chungu kimoja kujaza kingine bila kikao: cha kila siku, cha injini, cha bodi, yaani umbo la nje la kichwa. Cha injini hakiguswi hata mkiona haya kwa rangi ilivyochakaa. Mapato mengine hutoka kwenye siku za kuendesha, ambapo mgeni analipa ili ashike usukani, au niseme mkono wa mwendo, dereva wetu akiwa amesimama begani kwake. Kila anayeshuka huwa anacheka kama mtoto. Meza ya kuuza vitabu vikuukuu na mugi nayo inaleta kitu, lakini msimweke fundi pale.

Wafadhili tuliwaandikia mara ya kwanza kurasa sita juu ya pistoni. Tukakataliwa, na ilikuwa haki yetu. Mara ya pili tuliandika juu ya watu: wazee waliofanya kazi kwenye vichwa hivi kurekodiwa wakisimulia, vijana wanne kufundishwa ufundi, shule kuja kutembelea. Pistoni zikawekwa ukurasa wa mwisho. Tukapata.

Watu

Tuna mzee aliyekuwa fundi wa British Rail, shirika la reli la zamani la Uingereza. Huniita mpenzi, kama watu wa Yorkshire wanavyomwita kila mtu hata mwenye duka la samaki, na mume wangu ameshazoea. Mzee huyu akiweka kiganja kwenye mfuniko wa injini anakwambia silinda ipi haijachangamka. Hajawahi kuandika neno. Niligundua kwamba akianguka leo, nusu ya kikundi inaanguka naye, kwa hiyo nikampa kijana wa miaka 19 kazi moja tu: kila Jumamosi amfuate mzee na aandike anachosema. Mzee alinuna wiki tatu. Wiki ya nne alianza kusema, "Hilo hujaliandika."

Mgeni anapokuja mara ya kwanza, mpeni kazi itakayokwisha siku hiyohiyo, ambayo ataiona akirudi nyumbani. Ngazi moja ya kupandia: kuikwangua kutu, kuipaka rangi ya kwanza, basi. Mgeni aliyeshikishwa tochi kwa muda wa saa tano akimmulikia mtu mwingine harudi. Na wengi hurudi kwa sababu ya chai kuliko injini. Saa nne tunasimama wote, tunakaa, tunakunywa. Siku nilipopeleka mahamri na viazi vya karai, mahudhurio ya wiki iliyofuata yalipanda, jambo ambalo nimeliweka kwenye ripoti ya mwaka bila aibu.

Mkitaka wanawake, anzeni na choo. Nilipofika palikuwa na choo kimoja chenye mlango usiofungwa, na ovaroli ndogo kuliko zote ilinipwaya kama turubai. Leo tuko wanawake tisa.

Kila kikundi pia kina yule bwana anayejua kila kitu na hashiki chochote. Huyo ndiye wa kuwekwa kwenye meza ya mugi.

Daftari

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo tulipoumia.

Jumamosi moja ya Novemba, baridi ilitabiriwa. Injini hizi hupozwa kwa maji, na vikundi vingi huku huyamwaga yote wakati wa baridi kuliko kutegemea dawa ya kuzuia kuganda kwenye mfumo wa zamani unaovuja. Wawili walikuwa kazini. Wa kwanza alifungua koki ya kumwagia, maji yakaanza kutoka, akaitwa kusaidia kusukuma behewa. Wa pili akaja, akaona koki iko wazi na maji yanatiririka, akadhani mwenzake anajaribu kitu, akaifunga. Wa kwanza aliporudi akaona hakuna maji yanayotoka, akaridhika kwamba yamekwisha. Wakaagana vizuri, wakaenda zao. Usiku halijoto ilishuka nyuzi nane chini ya sifuri. Jumamosi iliyofuata tulikuta ganda la pampu ya maji limepasuka kama yai la kuchemsha na vipande vya rejeta vimefumuka kwenye maungio. Hakuna aliyekuwa mvivu wala mjinga. Hawakukabidhiana tu. Matengenezo yalikula chungu cha injini chote, na msimu mzima ukapita.

Wiki ile nilinunua daftari la jalada gumu, nikalitoboa, nikalifunga kwa kamba kwenye mlango wa kichwa, na penseli yake, kwa sababu kalamu ya wino haiandiki kwenye karatasi yenye mafuta. Kila ukurasa una safu tatu: Nimefanya. Sijafanya. Usiguse. Kila mtu anajaza kabla hajavua ovaroli, kwa jina lake na saa. "Nimefungua koki ya maji ya chini, saa 9:10, yanaendelea kutoka." "Sijakaza bolti mbili za mfuniko wa kushoto." "Usiguse swichi ya betri, mtu yuko chini."

Safu ya katikati ndiyo ngumu. Watu wanaona haya kuandika ambacho hawajakifanya. Wodini pia tulikuwa hivyo, mpaka muuguzi mkuu wetu alipoanza kuandika yake kwanza, kwa herufi kubwa, ili wote waone. Nilifanya vivyo hivyo. Ukurasa wa kwanza wa daftari letu unasomeka: "Mwenyekiti hajalipa bima ya kontena." Niliilipa Jumatatu.

Daftari likijaa, linapigwa picha kurasa zote na kuwekwa kabatini. Kikundi cha WhatsApp tunacho, cha utani na picha. Kazi haiandikwi kule. Ujumbe muhimu huzama chini ya salamu za Krismasi.

Vitu vinavyoweza kuua mtu

Vichwa vya umri huu vilijazwa asbesto kama kizuia joto na kelele, na bado unaweza kuikuta kwenye mabomba na kuta za chumba cha injini. Kabla hamjabandua kitu chochote kinachofanana na plasta au pamba, leteni mtu aliyefunzwa kazi hiyo achukue sampuli, na cheti chake kiwekwe mbele kabisa kwenye faili. Mapafu hayasemi siku hiyo. Yanasema baada ya miaka 20 au 30, na mimi nimewauguza wanaume wa aina hiyo.

La pili ni kichwa kusogea au kuwashwa mtu akiwa ndani yake. Sisi tunafanya hivi: anayeingia chini au ndani anazima swichi kuu ya betri, anaweka kufuli lake mwenyewe, ufunguo anauweka mfukoni, na anatundika kibao chekundu cha USISOGEZE pande zote mbili. Kibao huondolewa na yuleyule aliyekitundika. Akienda nyumbani akakisahau, tunampigia simu arudi. Ndiyo, hata akiwa ameshafika Leeds. Alirudi mmoja usiku wa manane akiwa amevaa nguo za kulalia, hajasahau tena.

Vipuri

Kwa sababu baadhi ya klasi ya 37 bado zinafanya kazi za kulipwa kwenye njia kuu hata miaka hii ya 2020, vipuri vipo lakini mnagombania na makampuni. Silinda hedi, pistoni, brashi za kaboni za mota: mkikuta nzima, nunueni leo, hata kama hamjui mtazitumia lini. Pia elewaneni na vikundi vingine. Tumewahi kutoa pampu ya mafuta tukapewa silinda hedi mbili, na makubaliano yakaandikwa kwenye karatasi moja yenye sahihi mbili.

Kila kipuri kina lebo ya bati iliyofungwa kwa waya: ni nini, kimetoka wapi, lini, kizima au kibovu. Kibovu kisicho na lebo baada ya miaka mitano kinageuka kuwa kizima, sijui kwa uchawi gani, na mtu anakifunga. Mkifungua kitu, piga picha kwanza, halafu bolti za tundu moja ziende mfuko mmoja wenye namba. Baba alikuwa na njia rahisi zaidi: bolti irudi kwenye tundu lake kwa vidole kabla fundi hajanywa chai. Hakupoteza bolti, ila chai alikuwa akiinywa baridi.

Rangi

Kijani cha miaka ya 1960, au buluu ya British Rail yenye uso wa njano, au kijivu cha treni za mizigo? Kikao cha rangi kilichukua saa mbili na robo, wakati kikao cha bima kilichukua dakika nne. Watu wazima walitoka wakibamiza milango. Dawa yetu: kila bodi inapofanyiwa ukarabati mkubwa, rangi inabadilika kufuata orodha iliyopigiwa kura mara moja tu, na orodha haifunguliwi tena. Wa buluu wanasubiri zamu yao. Wamo wanaokula mboga zaidi ili waifikie.

Kuiwasha baada ya baridi

Injini iliyolala miezi minne haiamshwi kwa kubonyeza kitufe. Betri zinachajiwa wiki nzima kabla, kwa sababu kinachoizungusha injini hii ni jenereta yake kubwa yenyewe, ikilishwa umeme wa betri, na betri dhaifu itazungusha polepole na kujiharibu. Mota na jenereta zinapimwa kama insuleta zake zimenyonya unyevu. Maji yanajazwa, yenye dawa ya kuzuia kutu, halafu tunaondoka. Maji yanaachwa usiku mmoja yatafute pa kuvujia.

Asubuhi ndiyo kazi ninayoipenda. Pampu ya oili inawashwa kwanza, oili inapanda mpaka juu, mnaisikia ikidondoka ndani. Halafu koki 12 za silinda zinafunguliwa, moja kila silinda, na watu wawili wanaizungusha injini kwa mkono, kwa mtarimbo mrefu, taratibu, jino kwa jino. Maji hayabanwi kama hewa. Kikombe kimoja cha maji juu ya pistoni, ukabonyeza kitufe, na fimbo ya pistoni inapinda au inatoboa ubavu wa injini. Mimi hukaa na karatasi nyeupe za kufutia mikono, zile za hospitali, nashika moja mbele ya kila koki pistoni inapopanda. Ikitoka pumzi kavu, naitupa. Ikitoka ukungu wa oili, ni sawa.

Aprili iliyopita tulikuwa tumetangaza. Watu kama 60 walisimama nyuma ya uzio na kamera zao, na wanangu walikuwemo, wakubwa sasa, wanajifanya hawataki. Koki ya kwanza, kavu. Ya pili, ya tatu, kavu. Ya nne upande wa kulia, karatasi ililowa mpaka vidoleni. Nilibadilisha karatasi, tukazungusha tena duru nzima. Ikalowa tena. Nilimtazama mzee, mzee akatazama karatasi, akavua glavu.

Kijana wa miaka 19, ambaye sasa ana 22, alishuka kwenda kuwaambia wageni kwamba leo haitanguruma, lakini chai ipo na anayetaka kuingia ndani kuona aje watano watano. Mimi niliufuata mlango, nikavuta penseli kwenye kamba yake. Safu ya tatu: "Silinda ya 4 kulia ina maji. Usiwashe. Saa 4:35 asubuhi."